Kifua Kinauma: Ni Gesi au Ni Moyo?

Leo tunazungumza juu ya maumivu ya kifua, na nitaanza na kisa ambacho mimi mwenyewe hakinipi sifa.

Nilikuwa sina muda mrefu tangu kumaliza diploma yangu ya uuguzi. Siku hiyo baada ya Alasiri nilikuwa natoka kazini, bado nimevaa sare, miguu inaniuma, napita kichochoroni hapa hapa Kibokoni. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa ameketi barazani na wenzake, kikombe cha kahawa chungu mkononi lakini hanywi.

"Masalkheri, babu."

"Masalkheri, mwanangu. Sista, huna dawa ya gesi hapo? Kifua kimenibana tangu adhuhuri. Chakula kimekataa kushuka."

Akajisugua kifua kwa kiganja. Nami nikamjibu huku natembea: "Jaribu maji ya tangawizi, babu, itashuka."

Haikushuka. Nyumbani walimpa tangawizi, kisha soda, kisha bizari nyembamba iliyochemshwa, kisha wakamkanda kwa mafuta. Kila dawa ilileta afueni ya dakika mbili tatu, na kila afueni iliwafanya wangoje zaidi. Baada ya Isha akaanza kutoka jasho jembamba la baridi, shati likarowa, akatapika. Ndipo nikaitwa. Nyumba yao ni zile za kale, wanakaa juu, ngazi ni za mbao na zimesimama wima. Vijana wanne walimshusha kwa kiti, wakambeba hadi njia ya gari, akaingizwa ndani ya tuktuk. Hospitalini daktari aliitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine ya moyo, akauliza swali moja: "Maumivu yalianza saa ngapi?" Tukasema, adhuhuri. Akaitazama saa ya ukutani, akanyamaza.

Mzee hakufa usiku ule. Lakini sehemu kubwa ya moyo wake ilikuwa imekwisha kufa kwa kukosa damu, na kipande cha moyo kikifa hakirudi. Hakupanda tena ngazi za nyumba yake mwenyewe. Kitanda chake kiliteremshwa ukumbini chini, akawa analala kwa mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi haimtoshi, na jioni miguu inavimba mpaka viatu haviingii. Kila nilipopita aliniita "sista wa tangawizi", akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Basi hilo neno "gesi" ndilo ninaloshughulika nalo leo. Sisemi kwamba gesi haipo. Ipo, na kiungulia kipo, na watu wengi wanaoumwa na kifua hawana ugonjwa wowote wa moyo. Ninachosema ni kwamba gesi ni jina la kupewa mwishoni, baada ya mambo mengine kuangaliwa. Sisi tunalitoa mwanzo, barazani, kabla hata mtu hajaulizwa umri wake.

Kwa nini moyo na tumbo vinachanganyika hivi? Moyo, mapafu na koo la chakula vyote vimo katika chumba kimoja, na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye viungo hivyo huingia katika uti wa mgongo mahali palepale. Ubongo unapokea habari kwamba kuna shida upande ule, lakini haujui mlango uliogongwa ni wa nani. Ndiyo maana mtu anayeumwa na moyo anaweza kusikia maumivu kwenye taya, kwenye mkono, mgongoni, au juu ya tumbo. Tazama hata lugha yetu. Pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa katikati ya kifua, tunapaita chembe cha moyo. Mtu akisema chembe cha moyo kinamwuma, huenda ni vidonda vya tumbo, na huenda ni moyo kweli.

Na si sisi peke yetu tunaokosea. Mwezi Septemba mwaka 1955, Rais wa Marekani Dwight Eisenhower alikuwa mapumzikoni mjini Denver. Alicheza gofu, akala mkate wa nyama na vitunguu vibichi, alasiri akasema tumbo limemchafuka. Usiku akaamka kwa maumivu ya kifua, mkewe akampa dawa ya tumbo. Daktari wake wa miaka mingi akaja. Asubuhi yake waandishi wa habari waliambiwa kwamba rais ana matatizo ya tumbo. Kipimo cha moyo kilifanywa mchana wa siku hiyo, saa nyingi baada ya maumivu kuanza, ndipo ikajulikana kwamba ni mshtuko wa moyo. Alipona, akachaguliwa tena mwaka 1956, na akafariki mwaka 1969 baada ya mishtuko mingine. Basi ikiwa rais mwenye daktari wake binafsi aliambiwa ni tumbo, sisi wa barazani tuna udhuru. Lakini udhuru haumponyi mtu.

Huku Afrika Mashariki tulikuwa na sababu nyingine ya kuudharau ugonjwa huu. Mwaka 1956 madaktari Trowell na Singh waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, na ilikuwa habari ya kuchapishwa! Miaka mitatu baadaye, 1959, madaktari Shaper na Jones waliandika kuhusu Uganda kwamba ugonjwa huo waliuona sana kwa watu wenye asili ya Asia, na kwa Waafrika ni kama haupo. Waganga na wauguzi wa zamani walisomeshwa hivyo, na fikra ile imebaki vichwani mwetu: kwamba moyo ni ugonjwa wa wazungu na wahindi matajiri. Tangu siku hizo tumebadilika sisi. Presha imeingia majumbani, sukari imeingia majumbani, sigara, kukaa kitako kutwa, mafuta ya kukaangia yanayotumika mara ya tano. Katika mtaa kama wetu, wenye Waswahili, Waarabu, Mabohora na wageni wa bara wote pamoja, moyo haumwulizi mtu kabila.

Sasa tuutazame moyo wenyewe. Moyo ni msuli, na msuli unataka damu yake. Haunywi ile damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake maalumu inayouzunguka kwa nje, myembamba kama mrija wa soda au chini ya hapo. Kwa miaka, mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo. Mtu hasikii kitu. Njia ikishakuwa nyembamba sana, moyo ukipewa kazi kubwa damu haitoshi, na unalalamika: kifua kinabana ukipanda ngazi, ukitembea haraka, ukibeba mtungi wa maji, ukikasirika. Ukisimama dakika chache, kinaachia. Hiyo ni onyo, na ni onyo zuri kwa sababu linakupa nafasi ya kutibiwa. Watu wa Mji wa Kale tuna kipimo chetu cha bure, nacho ni ngazi za nyumba zetu. Ikiwa mwezi uliopita ulikuwa unafika juu bila kusimama, na sasa unashika ukuta katikati na kifua kimebana, nenda ukapimwe wiki hii, usingoje. Na ikiwa kifua kinabana hata ukiwa umekaa, au kila siku kinabana kwa kazi ndogo kuliko jana, hiyo si ya wiki hii, ni ya leo.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mafuta yale yanapopasuka na damu kuganda juu yake, njia ikaziba. Msuli ulio mbele ya pale unaanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na unaendelea kufa saa baada ya saa. Ziko dawa za kuyeyusha bonge la damu, na katika hospitali chache kubwa uko utaratibu wa kuupitisha mrija mwembamba na kuufungua mshipa. Dawa hizo hufaa zaidi katika saa za mwanzo. Zikipita saa 12 faida yake huwa ndogo sana. Sasa unaelewa kwa nini daktari yule aliitazama saa ya ukutani.

Maumivu yenyewe yakoje? Wagonjwa wengi hawasemi "naumwa". Wanasema kifua kimebana, kizito, kama gunia limewekwa juu yake, kama mkanda umekazwa. Mara nyingi mgonjwa anaonyesha kwa ngumi au kiganja kizima katikati ya kifua, haonyeshi kwa kidole kimoja. Uzito huo unaweza kupanda kwenye koo na taya, kuteremka mkono wa kushoto au mikono yote miwili, au kwenda mgongoni. Pamoja nao huja jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi, kizunguzungu, au hofu ambayo mtu hawezi kuieleza. Ukiona uzito wa namna hiyo umepita dakika chache na hauachii kwa kupumzika, anza safari. Usingoje ukamilishe dalili zote. Na usidanganyike ukinywa dawa ya kiungulia ukasikia nafuu, kwa sababu maumivu ya moyo nayo hupanda na kushuka yenyewe.

Wako watu ambao moyo wao hauumi hivyo, nao ni wanawake, wazee, na wenye sukari. Mwenye sukari ya miaka mingi, mishipa yake ya fahamu imefifia, kama vile anavyokanyaga msumari asisikie. Mtu wa namna hii anaweza kupata mshtuko wa moyo na akasema tu kwamba amechoka ghafla, hana pumzi, anatapika, au taya linamwuma. Mama mtu mzima mwenye sukari na presha, aliyeamka vizuri, akaanza kutoka jasho na kukosa pumzi jikoni, mpelekeni kama vile amesema kifua kinamwuma.

Hapo kwa kina mama nina neno. Nimewaona waliochelewa kwa sababu bwana yuko safarini, au yuko Arabuni kikazi, na hakuna wa kutoa ruhusa. Au kwa sababu wanaona haya, kipimo cha moyo kinataka kifua kifunguliwe. Ni kweli, vile vibandiko vya mashine ya ECG huwekwa juu ya ngozi. Lakini kipimo ni cha dakika chache, na una haki ya kuomba muuguzi mwanamke akuwekee na pazia livutwe. Omba, usione taabu. Na jambo la ruhusa mlizungumze na bwana leo, akiwa mzima na simu ina chaji.

Nimekaa sana kwenye moyo kwa sababu ndio unaoua haraka, lakini si kila kifua ni moyo. Hamali anayesukuma mkokoteni, kijana aliyebeba magunia, mama aliyeteka maji kutwa, hao mara nyingi wameumia misuli au maungio ya mbavu. Maumivu yao yana mahali: ukipabonyeza kwa kidole, anaruka, "Hapo hapo!" Akijigeuza yanazidi. Hayo yanatibika kwa kupumzika na dawa za kawaida za maumivu. Lakini kubonyeza si kipimo kamili, hasa kwa mtu mzima mwenye presha.

Kiungulia chenyewe kinaunguza. Kinapanda kutoka chini kuja kooni na uchachu mdomoni, kinakuja baada ya biriani ya harusi, au baada ya futari, pale mtu ameshinda na njaa kisha akatia viazi karai, bajia na sambusa kwa pamoja na kujilaza. Ukiinama kinazidi, ukikaa wima kinapungua. Ukiwa chini ya miaka 40, huna sukari wala presha wala sigara, na maumivu ni haya haya uliyoyazoea siku zote, basi huenda ni kiungulia. Lakini mtu aliyepita umri huo akipata kiungulia kwa mara ya kwanza maishani mwake, ghafla, na jasho juu yake, mimi simpi tangawizi tena.

Kichomi tunakijua sote: mchomo mkali ubavuni ukivuta pumzi au ukikohoa. Huwa ni ule utando unaofunika mapafu umewaka, na mara nyingi chini yake kuna nimonia. Ukiwa na homa, kikohozi na kichomi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto mdogo usingoje akwambie kifua kinauma, hawezi. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka kupita kiasi, apelekwe siku hiyo. Na ukiona chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi, usihesabu, ondoka naye. Mtoto au mtu mzima mwenye seli mundu, ugonjwa ambao hapa Pwani tunao sana, akipata maumivu ya kifua na homa au pumzi fupi, naye ni wa kukimbizwa. Hospitalini sema mwanzo kabisa kwamba ana seli mundu.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, kutema damu: hiyo nenda upimwe makohozi ya kifua kikuu. Kipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure, na ugonjwa unapona. Mkanda wa jeshi nao huanza kwa kuunguza upande mmoja wa kifua siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea, na umewatisha wengi wakidhani ni moyo.

Liko jambo ambalo halitajwi sana nalo linawapata wazazi. Mwanamke aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, damu yake huganda kwa urahisi kwa wiki kadhaa. Sisi tuna desturi ya arubaini, mzazi anakaa ndani, anakandwa, analala sana. Desturi ni nzuri, mapumziko ni mazuri, lakini siyo kulala kutwa nzima kitandani. Bonge la damu linaweza kujifanya mguuni, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kisha bonge likasafiri mpaka kwenye mapafu. Dalili yake ni kukosa pumzi kwa ghafla, kichomi, moyo kwenda mbio, pengine kuzirai. Wamama wanaokanda, mkiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, msiukande. Mpelekeni hospitali siku hiyo. Na akikosa pumzi ghafla, ni dharura sawa na ya moyo. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wowote au aliyelala kitandani muda mrefu.

Mtu mwenye presha ya miaka mingi anayepata ghafla maumivu makali mno, kama kifua kinachanwa hadi mgongoni, huenda mshipa mkuu wa damu unapasuka. Hapo hakuna dawa ya nyumbani ya aina yoyote, wala aspirini. Ni hospitali tu.

Na wasiwasi? Wasiwasi unabana kifua kweli, hauigizi. Mtu mwenye deni, mwenye mtihani, aliyefiwa, huanza kupumua haraka haraka, vidole na midomo ikafanya ganzi, moyo ukadunda, akaona anakufa. Hujatia chumvi, unaumwa. Lakini jina la wasiwasi, kama la gesi, mpewe na daktari baada ya kupimwa, msijipe wenyewe. Wala jini asipewe nafasi ya kwanza. Kisomo na kipimo havigombani; anayetaka kusoma amsomee mgonjwa ndani ya gari.

Sasa niseme juu ya kumtoa mtu nyumbani, kwa maana hapa kwetu hilo ni nusu ya matibabu. Gari la wagonjwa haliingii kwenye vichochoro vyetu. Ukipiga 999 au 112 na gari likapatikana, litasimama kwenye njia ya gari, na kutoka pale mpaka kitandani kwa mgonjwa ni kazi yenu. Basi kila nyumba ijue mapema: kiti gani tutakachotumia, kiwe imara chenye mgongo, siyo cha plastiki; vijana gani wa jirani watakaoamshwa; tunatokea wapi, Ndia Kuu, Barabara ya Kibokoni au upande wa Barabara ya Digo; na ni dereva gani wa tuktuk au teksi anayelala karibu. Ikiwa gari la wagonjwa halijulikani litafika lini, msilingoje. Mgonjwa asiteremke ngazi kwa miguu yake akisema "naweza". Kila hatua ni kazi kwa moyo ambao hauna damu. Mtu mmoja atangulie akashike gari, msifike wote chini ndipo muanze kuulizana.

Wakati kiti kinaletwa, mkalisheni nusu kuketi, mgongo umeegemea, mlegezeeni nguo. Msimpe chakula wala soda. Akiwa ni mtu mzima, hana mzio wa aspirini, hana vidonda vya tumbo vinavyotoka damu wala hatapiki damu, hana dalili za kiharusi, na maumivu si yale ya kuchanika hadi mgongoni, mpeni aspirini moja ya miligramu 300 aitafune, au nne zile ndogo za 75. Aitafune, asiimeze nzima, ndipo inafanya kazi haraka. Kama ni mchana wa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake, msingojee Magharibi. Msimpe vidonge vya presha vya jirani. Na kama bwana alimeza dawa za nguvu za kiume siku hiyo au jana yake, amwambie daktari, hata kwa kunong'ona, kwa sababu iko dawa ya moyo ambayo ikikutana na hiyo presha inaporomoka vibaya.

Akizimia, hajibu, na hapumui au anakoroma kwa kukatakata, mlazeni sakafuni chali, mtu mmoja aweke viganja viwili katikati ya kifua na abonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, haraka kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Akichoka ampishe mwenzake.

Mpelekeni wapi? Mahali penye mashine ya ECG na daktari usiku na mchana, kama Hospitali Kuu ya Pwani, au hospitali kubwa ya binafsi iliyo karibu nanyi. Siyo kemisti, siyo kliniki ya jioni ambayo itawaambia mwende kwingine. Mkifika, msikae kwenye foleni kimya. Semeni, "Ana maumivu ya kifua, yalianza saa fulani," maana kipimo cha ECG kinatakiwa kifanywe ndani ya dakika 10 za kufika. Kipimo cha kwanza kikiwa safi bado mtu anaweza kuwa na mshtuko; kitarudiwa, na damu itapimwa kitu kinachoitwa troponini, ambacho msuli wa moyo hukimwaga unapoumia. Mkiambiwa mngoje saa kadhaa damu ipimwe tena, ngojeni.

Na pesa. Najua, mara nyingi tangawizi ni njia ya kuahirisha gharama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Yakumbukeni maneno "matibabu ya dharura" na myatumie mlangoni, kwa adabu. Na kwa kuwa NHIF iliondoka na SHA ikaingia Oktoba 2024, hakikisheni wazee wenu wameandikishwa, wasije wakaandikishwa wakiwa juu ya machela.

Wasikilizaji wawili walileta maswali yao nilipokuwa nikiandaa mazungumzo haya. Wa kwanza ni kijana, anauliza kama mogoka inaweza kuumiza moyo naye ana miaka 26. Mwezi Mei 2024 kaunti yetu iliipiga marufuku mogoka na mahakama ikaisimamisha amri ile. Mimi siingii katika kesi hiyo, nazungumza kama muuguzi. Miraa na mogoka vina kichangamsho kinachoharakisha moyo, kupandisha presha na kukaza mishipa ya damu. Ukichanganya na sigara na kinywaji cha kuongeza nguvu, na usiku hukulala, umeuzidishia moyo kazi huku umeubania chakula. Vijana wamepata mshtuko wa moyo kwa sababu hizo. Kwa hiyo ndiyo, kijana wangu, hata 26. Na ukifika hospitali na kifua, sema umetafuna nini. Hakuna atakayeita polisi.

Wa pili ni mama wa makamo, ameuliza kama anaweza kunywa aspirini ndogo kila siku ili kujikinga, kama anavyofanya shoga yake. Shoga yake huenda alishapata mshtuko na daktari amemwandikia. Wewe hujapata. Kwa asiye na ugonjwa wa moyo, aspirini ya kila siku inaweza kumtoa damu tumboni au kichwani, na hasara ikashinda faida. Ile ya kutafuna siku ya dharura ni jambo jingine, iweke kabatini. Kwa kujikinga, njoo zahanati nikupime presha na sukari, ni kazi ya dakika 10, na uje na bwana.